Mluzi wa Shija

Jumapili, mwezi wa saba. Iringa. Upepo umeanza tangu alfajiri na haujachoka. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinakataa kuandika.

Wenzangu wa bwenini wamekwenda kanisani. Mimi nimebaki, nimejifunika blanketi, nasingizia kichwa. Kichwa hakiumi hata kidogo. Naogopa tu kukutana na watu.

Jana tulipoteza fainali. Mimi ndiye niliyeipoteza.

Acha niseme yote hapa mtandaoni, maana hapa hakuna anayenijua kwa jina.

Shija ni rafiki yangu. Au alikuwa, sijui niandike vipi. Kwao ni Rujewa, kule Usangu. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Amekua akichunga. Ni mrefu mpaka mlango wa bweni letu alikuwa anauinamia. Miaka miwili tumecheza pamoja timu ya kikapu ya chuo, yeye chini ya kikapu, mimi mpangaji, yaani ninayeleta mpira mbele na kuamua nani apewe. Kocha ana sheria moja anayoirudia hadi inachosha: mpe aliye peke yake. Peke yake, kwetu sisi, ni mtu asiye na mkabaji.

Sasa, uwanja wetu una kelele. Mashabiki wanagonga madumu na huwezi kusikia hata jina lako. Shija alikuwa na dawa yake. Alikuwa anapiga mluzi, ule ule aliokuwa anawaitia ng'ombe wa baba yake: mmoja mfupi, halafu mrefu unaopanda. Akiona nimezongwa na wawili, anajitenga upande wangu wa kushoto, anapiga. Mimi wala siangalii. Natupa, na mpira unamkuta, halafu nakimbilia kikapuni naye ananirudishia. Wenzetu walitucheka, eti Mhehe mzima anachungwa na Msukuma. Nilijifanya nimeudhika. Ukweli niliupenda ule mluzi kuliko makofi yote.

Mwezi wa kwanza baba yake alipooza upande mmoja. Shija akahamia chuo kingine, Mbeya, kwa sababu kutoka kule angeweza kwenda kwao kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Sababu ambayo mtu yeyote angeielewa. Mimi nami niliielewa, nikanuna vilevile. Nina kisirani, hata mama yangu anajua. Siku anaondoka aliniomba nimsindikize stendi. Nikamwambia nina mtihani.

Sikuwa na mtihani wowote.

Nilikaa maktaba nikiangalia saa hadi nikajua basi limeshaondoka. Baada ya hapo akituma meseji najibu "poa", siku nyingine sijibu kabisa. Mwezi wa nne alinipigia mara tatu asubuhi moja. Niliiona simu inaita. Nikaigeuza ikatazama meza.

Msimu ulianza vibaya. Mechi ya kwanza nilitupa pasi sita kushoto, zote hakuna mtu. Kocha akaniuliza kama nacheza na mizimu. Aliyechukua nafasi ya Shija ni Mgaya, mtoto wa Mafinga, amekulia kwenye viwanda vya mbao na ana mabega ya kubeba magogo. Anacheza vizuri, sina la kumlaumu, ila yeye haiti. Ananyoosha mikono tu, anangoja umwone. Kwa hiyo polepole nikajifunza kuinua macho. Tukaanza kushinda. Tulishinda hadi watu wa chuo wakaanza kunijua kwa sura, na kila tuliposhinda kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka kumwambia.

Fainali ikapangwa Mbeya, dhidi ya chuo cha Shija. Nilikuwa nimelijua hilo wiki nzima na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini basi lilipofika Igawa, pale njia ya Rujewa inapochepuka, wenzangu wote walikuwa wamelala, na mimi nilikuwa nimebandika uso dirishani. Aliwahi kuniahidi kunipeleka kwao msimu wa mavuno, nikale wali wa mpunga uliokobolewa siku hiyo hiyo. Niliiangalia ile njia hadi ikabaki nyuma.

Mchezo wenyewe siwezi kuusimulia wote. Robo ya nne tulikuwa sawa kwa pointi, sekunde zinahesabika, mpira wetu. Wakanizonga wawili karibu na mstari. Tweve, nahodha wetu, alikuwa upande wa kulia, mikono juu, hana mtu. Nilimwona. Naapa nilimwona.

Ndipo nikausikia.

Mfupi, halafu mrefu unaopanda.

Mikono yangu haikuniuliza. Nilitupa kushoto bila kuangalia, na mpira ulimkuta Shija kifuani, amevaa jezi ya njano ya watu wengine.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kwa nusu sekunde, kabla sijajua nimefanya nini, nilifurahi. Nilifurahi kama sijafurahi mwaka huu wote.

Kisha akakimbia, akafunga, filimbi ikalia, ikawa basi tena.

Tulipopanga mstari kupeana mikono, alinishika kwa mikono yake yote miwili. Akasema, "Kaka, nilisahau. Nakuapia, nilisahau." Nikauvuta mkono wangu. Nikamwita tapeli mbele ya wenzake, nikaenda kupanda basi.

Ndani ya basi hakuna aliyekaa karibu nami. Tunafika Makambako, kwenye kundi la WhatsApp la timu wameshahitimisha kuwa nimemuuzia mechi rafiki yangu. Siwalaumu. Kuna video, na kwenye video inaonekana hivyo hivyo: natupa mpira kwa utulivu kabisa, moja kwa moja mikononi mwa mpinzani, wakati nahodha wangu anapunga mikono.

Kesho saa nne kuna kikao. Tweve anamaliza chuo na kocha alikuwa amtaje nahodha mpya. Kila mtu alijua ni mimi. Nimeutaka unahodha tangu mwaka wa kwanza, hiyo nakiri bila aibu. Leo asubuhi, kabla ya kanisa, Tweve alikuja akakaa pembeni ya kitanda changu. Nilipomweleza nilichosikia, akanishauri niseme mikono ilikuwa na jasho, mpira ukateleza. Yeye ataniunga mkono na maneno yataisha hapo. Nikianza habari za miluzi, alisema, hata jezi naweza nisiivae tena.

Alikuja kwa wema, na nilimshukuru. Tangu alipoondoka nimekuwa nikiijaribu hiyo sentensi. Mpira uliteleza. Inatoka vizuri, hata mimi naanza kuiamini.

Halafu nikairudia video. Tangu jana nilikuwa nimejiangalia mimi tu, mkono wangu, uso wangu wa kijinga. Safari hii nikamwangalia Shija.

Alipoudaka mpira hakukimbia. Alisimama. Ameushika kwa mikono miwili, ananiangalia mimi, anangoja nikimbilie kikapuni anirudishie, kama siku zote. Mwenzake mmoja akamsukuma bega akimpigia kelele. Akainamisha kichwa akaitazama jezi yake. Ndipo akakimbia.

Mtu aliyekutega hangesimama. Aliniona nimezongwa na wawili, akaja kuniokoa.

Niliirudia mara nne, kisha nikaketi kitandani nimeishika simu. Nikagundua kuwa tangu mwezi wa kwanza, na mawazo yote haya, na kununa kote huku, sijawahi kumuuliza kuhusu jambo lile lile lililompeleka Mbeya. Hata mara moja. Nikaandika: Shija, nisamehe. Mzee anaendeleaje?

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini.

"Mzee alituacha mwezi wa nne, kaka. Nilikupigia."

Mara tatu. Asubuhi moja.

Nililia kwa sauti, nashukuru bweni lilikuwa tupu. Kisha nikampigia, na safari hii nikawa mimi ninayeomba ipokelewe. Akapokea. Pole yenyewe imechelewa miezi mitatu, lakini niliisema. Akanieleza walivyomzika pale pale Rujewa, na kwamba baada ya msiba alirudi Mbeya kwenye chumba ambamo hakuna hata mtu mmoja aliyemjua baba yake. Mimi nilimjua mzee yule. Alishawahi kuja Iringa kutuona tukicheza, akauliza kwa nini tunagombania mpira mmoja wakati chuo kina uwezo wa kununua mingi. Tukacheka wote wawili kwenye simu. Shija akasema jana, aliponiona nimebanwa pale mstarini, kwa sekunde ile alisahau mengi, si jezi tu.

Nimemwambia likizo nakwenda Rujewa, nipelekwe kaburini, na wali wangu uko pale pale. Amesema atakuja kunipokea Igawa.

Wenzangu wanarudi sasa, nasikia viatu kwenye korido. Upepo bado. Natamani kesho ifike na natamani isifike.

Kocha ataniuliza kwa nini nilimpa yule mpira. Sitasema jasho. Nitasema nilisikia mluzi, wanaotaka kuamini waamini, na unahodha wakimpa Mgaya sitanuna, nimeshanuna vya kutosha mwaka huu. Nitamjibu kocha kwa sheria yake mwenyewe.

Nilimpa kwa sababu alikuwa peke yake.