Alama Zilizorudi Kwenye Kompyuta ya Baba

Shosti, humu ndani nafichwa kitu, nilijua tu!

Zile alama za programu za zamani nilizozifuta kwenye menyu ya kompyuta ya baba, ile ya Linux? Zimerudi. Zote!

Nikambana mume wangu Wendell mpaka akatema: "Baba kaniomba nizirudishe. Kasema nisikuambie."

Nisikuambie! Kwa nini?

Nikamfuata baba. "Ukizitoa napotea, mwanangu. Nahesabu kutoka juu, ya tano ndiyo barua pepe."

"Unahesabu? Kwani majina huyasomi?"

Akakiri: "Tangu kiangazi maandishi siyaoni."

Haoni, shosti. HAONI! Na leo asubuhi, kwenye barafu hii ya huku kwetu Duluth, kampeleka binti yangu Britta shule kwa gari.

Nimejifungia bafuni na ufunguo wa gari. Baba anagonga: "Nipe, mtoto anakaribia kutoka shule."