Mlingoti wa Uani Kasulu

Mama Zuhura wangu, hujambo huko Tanga? Huku milimani baridi inanitia homa.

Ile mashua ya mitumbwi miwili nimeiunda uani kwa mwenye duka aliyeiagiza, mlingoti nikaupima kwa timazi usimame wima. Jana mvua ikanyesha, maji yote ndani ya mitumbwi yakakimbilia upande wa nyuma. Kumbe ua una mteremko. Ziwani, mitumbwi ikikaa sawa juu ya maji, mlingoti ungeinamia mbele, upepo ukatuzamisha. Nimeinua nyuma kwa matofali, nikaulaza mlingoti nyuma kidogo, nikafupisha na demani, kamba ya kuongozea tanga.

Mwenye duka amenuna: "Fundi, umeupinda."

Kesho lori linaishusha Kigoma, na abiria wa kwanza ni mama yake. Nibusie Zuhura. Adhana imelia, naogopa kwenda msikitini nisije nikarudi nikakuta mwenye duka ameunyoosha mlingoti.

Mumeo