Jiwe la Nyangate na Skrubu ya Drusilla

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KIKUNDI CHA VYUMA VIDOGO, MASIMBA

Tarehe: Jumapili, 9 Machi 2025
Mahali: Karakana ya Mwenyekiti
Waliohudhuria: Haron Mose (Mwenyekiti), Bharat (Mweka Hazina, mwenye duka la vifaa), Nyangate (mchonga mawe), Drusilla (fundi cherehani), Eucabeth Bitutu (Katibu)
Asiyehudhuria: Anyona, kwa udhuru, anachuma majani chai

KUMB. NA. 1/3/25: KUFUNGUA
Drusilla aliongoza maombi. Aliiombea cherehani yake, aliyokuja nayo, kabla ya wagonjwa.

KUMB. NA. 2/3/25: MASHINE YA KUKEREZA
Mwenyekiti alieleza kwamba mashine ya mezani tuliyojiundia ilikuwa imeharibu skrubu zote za majaribio. Kisu kikigusa chuma tu, kichwa cha mashine kinasogea. Alilaumu kitako kinachokibeba, cha jiwe laini la vinyago kutoka Tabaka, akataka king'olewe, tungoje kupata cha chuma.

Nyangate alijibu kwamba jiwe lilichaguliwa na kikao kwa kuwa ni zito na bei yake ni nafuu, na aliyeshangilia zaidi ni Mwenyekiti. Mwenyekiti aliomba neno "kushangilia" lisiandikwe. Limeandikwa.

Drusilla alisema hawezi kungoja. Cherehani yake haina skrubu ya kubana sindano, na wazazi wanadai sare za shule. Bharat alithibitisha kwamba spea hiyo hailetwi tena.

KUMB. NA. 3/3/25: NTA
Bharat alipitisha kidole juu ya jiwe, akauliza mbona linang'aa. Nyangate alieleza kwa fahari kwamba alilipaka nta. "Kwetu jiwe halitoki mkononi bila kung'aa."

Bharat alisema, "Ndugu yangu, huyu si kiboko wa kuuzia watalii! Kichwa cha mashine kinateleza kwa nta yako."

Kikao kilisimama ili jiwe lioshwe kwa petroli. Nyangate aliliosha mwenyewe, akakataa msaada. Katibu alimwonea huruma.

KUMB. NA. 4/3/25: JARIBIO
Mwenyekiti alikereza skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi. Kichwa hakikusogea. Skrubu iliingia kwenye cherehani, ikakaza. Drusilla alipiga kelele, "Buya mono!" yaani vizuri sana. Sote tulifurahi, na Mwenyekiti akamwomba Nyangate radhi bila kusukumwa.

Iliazimiwa kwamba jiwe libaki, na mashine ya pili ianze kuundwa, bila nta. Nyangate aliomba apake upande wa mbele tu, usioshika chuma. Alikubaliwa.

KUMB. NA. 5/3/25: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa kumi na nusu alasiri. Maombi ya kufunga hayakufanyika: Drusilla alikuwa ameshaanza kushona, na hakuna aliyetaka kumsimamisha.

Mwenyekiti: H. Mose ....................
Katibu: E. Bitutu ....................