Tundu Mbele ya Dirisha Lako

San Bernardino,
Caracas.
20 Mei 2023

Mpendwa binti yangu Yuraima,

Pokea salamu za shangazi yako. Hujambo, mwanangu? Mumeo Wilmer hajambo? Na baridi ya Lima, mmeshapatana au bado mnagombana? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila magoti yangu yameanza kudai pensheni kabla yangu.

Baba yako Anselmo ndiye aliyenishikisha kalamu. Mwili wake hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Unakijua kikundi chake. Kila jioni yeye na wenzake hupanda kwenye paa kuwapiga picha guacamaya, wale kasuku wetu wakubwa, wakirudi kulala. Picha huzituma kwenye ramani ya simuni ili wataalamu wazione. Nilikuwa nikiwacheka: wazee wazima, shingo juu kama wanaongoja embe lidondoke. Lakini tangu uondoke, hilo ndilo lililokuwa likimtoa kitandani.

Mwaka huu jozi moja ilitaga kwenye tundu la chaguaramo, ule mti uliokauka mbele ya dirisha lako. Wakatoka makinda wawili. Anselmo akawa kama kapata wajukuu.

Sasa, kikundi chao kina sharti moja: picha ya kiota hutumwa, lakini mahali kilipo hufichwa. Baba yako analijua mno, ndiye huwagombeza wageni. Ila hii aliiacha wazi kwa makusudi, ili ukifungua ramani huko Lima uone kwamba ni mti wetu, si mwingine.

Kumbe wezi nao wana simu. Jumapili, tukiwa kanisani, walikuja na ngazi, wamevaa kama mafundi wa umeme. Jirani hata aliwapa maji ya kunywa, maskini. Tuliporudi tundu lilikuwa tupu.

Wenzake hawakumlaumu. Hortensia wa kikundini alimletea mikate ya arepa ya moto, hakuigusa. Kamera ameifungia kabatini. Na wale ndege wawili bado wanakuja kila jioni, wanachungulia tundu, wanaita mpaka giza liingie. Yeye husimama chumbani mwako akiwatazama. Juzi nilimfuata nikamwambia, kaka, njoo ule. Akanijibu bila kugeuka:

"Nereida, nilitaka mtoto aone nyumbani. Nikawaonyesha wezi mlango."

Nililia, sikufichi.

Amenikataza kukuambia, kwa hiyo usinitaje. Mpigie tu jioni, saa wanaporudi ndege. Habari za makinda usimuulize. Anza kwa kumwomba baraka, kama ulivyomsalimu tangu utoto: "Baraka, baba." Hilo hajawahi kulinyamazia. Wale nje wanaita na hakuna wa kuwaitikia. Yeye bado anaye wa kumwita.

Nisalimie Wilmer, na binamu yako Zulay ukimwona. Mungu akufunike huko ugenini. Baraka zangu nazituma kabla hujaziomba.

Akupendaye siku zote,
Shangazi Nereida