Wiki Mbili za Viazi vya Sukari

Jumapili, 8 Septemba 2019

Niwie radhi, daftari. Tangu Mei sijakuandikia neno. Nilikuwa nikiandika historia ya chuo chetu, kinachotimiza miaka sabini. Kurasa mia na kumi – nimezisahihisha mara tatu.

Jumanne, 10 Septemba

Kikao cha bodi. Mkuu mpya, Bwana Tolliver, anataka kufuta likizo ya mavuno: zile wiki mbili za Oktoba ambazo wanafunzi huenda kuvuna viazi vya sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani. Anasema vyuo vikuu vinavyopokea wanafunzi wetu vinalalamika kwamba vipindi vyetu ni vichache. Kisha akasoma barua ya 1981, ya mwalimu aliyeiita likizo hiyo "uvivu uliovishwa buti".

Barua ni yangu.

Lorene Weimer, mkulima na mjumbe mwenzangu, huketi kando yangu. Akaninong'oneza: "Kumbe ni wewe, Mwalimu. Mwaka ule theluji ilichelewesha mavuno hadi baada ya likizo, ukamwandika mwanangu Gene mtoro siku nne. Ukamfelisha."

Wajumbe watatu wanaafiki ifutwe, watatu wanapinga. Wa saba ni mimi. Nimeomba nifikirie hadi Jumatatu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefungua tena kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za chuo. Nilikipitia Juni, nikitafuta majina ya walimu tu. Aibu. Mwaka 1949 familia arobaini na moja zilitoa ardhi na matofali, zikajenga kwa mikono yao, kwa sharti moja: wakati wa mavuno darasa lisifunguliwe. Mimi katika historia yangu nimeandika kwamba mwanzilishi ni mkuu wa kwanza.

Dukani nimekutana na Kaylee, anayesomea uuguzi chuoni kwetu. Hakuuma maneno. "Siku hizi mashine zinavuna, Mwalimu. Mimi wiki hizo nakaa tu, halafu nikihamia chuo kikuu kitanirudisha nyuma."

Jioni Lorene ameniletea mikate ya kabeji na nyama. Nikamweleza hayo. "Mashine haziendeshwi na malaika," akasema. "Madereva wangu wawili ni wanafunzi wako."

Wote wawili wako sahihi. Sijaizoea hali hii.

Jumatatu, 16 Septemba

Ukurasa wa sita wa historia, ule wa mwanzilishi, nimeuchana. Mahali pake nimeandika majina ya familia zote arobaini na moja. Hilo limekwisha, kura bado.

Honi nje. Ni Gene, na lori lake lenye matope. "Panda, Mwalimu. Leo ukichelewa kikaoni, mimi ndiye nitakayekuandika mtoro."

Natafuta koti. Nitaandika ni upande gani nikishainua mkono.