Vichwa Vitatu vya Ngege

Javan,

Nimeenda Homa Bay kwa mama yako. Unga uko kwenye debe. Paka ameshakula, na usimgombeze, hana makosa.

Ni mimi niliyempa kichwa cha samaki jana. Sisi Wakisii hatukuzaliwa ziwani, ningejuaje kwamba kwenu kichwa ni cha mwenye nyumba? Lakini kweli, asubuhi unywe chai yote umenikodolea macho, bila hata neno moja?

Nitarudi ~~Jumapili~~ kesho jioni, mama akishanifundisha kupika samaki wenu.

Kwenye sufuria nimekuachia vichwa vitatu vya ngege. Kula taratibu. Vikikukodolea macho bila kusema neno, utajua chai yangu ilivyoshuka leo.

Mkeo,
Nyasuguta