Kadi ya Picha Kutoka Dubai

Mkunazini, Unguja
10 Septemba 2006

Dada yangu Bahiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Nnakuombea barua hii ikukute umekaa na wanao kwa afya na utulivu, na lile bega lililokuwa likikusumbua limepoa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama yuko kwa kaka Sleiman, Jang'ombe. Miguu inamvimba kidogo nyakati za jioni lakini sauti yake haijapungua, na kila nikenda ananiuliza kama Bahiya anakula vizuri huko Dubai. Nami humjibu kwamba unakula vizuri.

Kadi ya pili ya kompyuta imefika salama. Mcha, uliyemkabidhi, aliileta mwenyewe mpaka dukani kwangu Mlandege, imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Nilipaswa kukupigia simu siku ileile kukushukuru. Sikupiga, na zako ulizonipigia sikuzipokea. Si kwamba nilikuwa na kazi. Nina jambo la kukueleza, na kwa simu ungenikatiza kwa huruma yako kabla sijalimaliza.

Unajua Azzan alikaa Muscat miaka mingi, akichora ramani za majumba katika ofisi ya watu. Kila mwaka alikuja mwezi mmoja, tukaishi kama watu wanaostahiana: mimi nikimpikia, yeye akinisifia mapishi. Kazi ilipokwisha mwaka jana akarudi moja kwa moja. Nikafurahi, kisha nikagundua kwamba hatujui la kuzungumza. Mungu hakutujaalia mtoto wa kututia maneno mdomoni. Tulikuwa tukila, tukiulizana kama chumvi imetosha, na baada ya hapo ungesikia vijiko tu. Hili sikukwambia hata siku moja. Uliponiuliza, nilisema tunastarehe.

Ndipo Azzan alipotaka kompyuta. Alitaka kuanza kazi yake mwenyewe hapa mjini, kuchora nyumba zetu hizi za mawe zinazotengenezwa upya, si ramani bapa bali nyumba nzima ambayo mtu ataizunguka kwenye skrini, aingie chumba hadi chumba. Na alinikiria, akiangalia pembeni, kwamba angependa pia kucheza gemu ya mbio za magari aliyokuwa akiicheza na wenzake kule. Mashine ya kazi zote mbili haipatikani tayari madukani kwetu. Yataka kuchaguliwa kifaa kwa kifaa. Nami, kwa miaka yote hii ya kuchapa na kutoa fotokopi, kompyuta nazifungua na kuzifunga mwenyewe. Basi akaniuliza mimi.

Dada, sijui nikueleze vipi jioni zile. Nilikuwa nikichapisha kurasa kutoka kwenye mtandao, nafika nazo nyumbani, tunazitandaza mkekani baada ya chakula. Tukianza na prosesa, tunaishia kubishana juu ya memori. Yeye alitaka kasha lenye dirisha la kioo na mataa ya rangi; mimi nikamwambia tuko karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula vyuma, tutafute kasha lililozibika, lenye vichujio vya vumbi mbele ya feni. Alisema pawa saplai, kile kisanduku cha kugawia vifaa umeme, yoyote itafaa. Nikamwuliza kama ameshausahau umeme wetu, unavyozimika ukarudi kwa kishindo. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuoane. Kutoka kwenye feni tulikuja kuzungumzia joto la Muscat, na kutoka kwenye joto akanihadithia chumba alichokuwa akilala, na sikukuu alizozipitisha peke yake humo, mambo ambayo mke alipaswa kuyajua na mimi sikuyajua.

Wewe ukawa mkono wetu huko. Kila tulichokubaliana ulikitafuta, ukakituma kwa watu wanaokuja. Ilitangulia mazabodi, ule ubao mkubwa unaochomekewa vifaa vyote, kisha hiki na kile, nami nikawa naviunganisha kila kinapofika. Ikabaki kadi ya picha, ambayo ndiyo roho ya mashine kama ile, kwa kuwa ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ukaituma nayo. Nikenda nayo dukani kuijaribu, nikarudi nikamwambia Azzan kwamba imekufa, haitoi picha. Nawe nikakwambia hivyohivyo, nikakurudishia ukaibadilishe.

Yaliyokupata kwa muuzaji hukunieleza. Uliniambia tu kwamba kwake iliwaka, lakini mimi ndiye mjuzi, pengine haielewani na mazabodi yangu. Ukaniomba radhi kwa kuchagua vibaya, ukaninunulia nyingine tuliyoichagua upya. Yaliyobaki niliyapata kwa mwanao Shemsa, aliponipigia simu. Aliniambia kwamba yule muuzaji aliichomeka mbele ya wateja, picha ikatoka safi, akasema kwa sauti kwamba watu wa namna yenu hununua kitu, wakakitumia, kisha wakaja kukirudisha kwa uongo. Ulijifunika uso kwa mtandio wako ukatoka. Shemsa alisema hatamsamehe mtu yule. Nilimsikiliza, nikasema watu siku hizi hawana adabu, nikamuaga haraka.

Kisha wiki iliyopita alikuja dukani Bwana Msabah, mwenye lile jumba la Hurumzi, kutoa fotokopi ya hati zake. Katika mazungumzo akaniambia amesikitika kumkosa Azzan. Alimtaka amchoree jumba lake kabla mafundi hawajaanza, akamsubiri mashine yake itimie, akamsubiri tena, mwisho kazi amempa mtu wa Dar es Salaam. Azzan hakuwa amenigusia hata neno. Nilimpa Bwana Msabah karatasi zake, nikafunga duka mchana kweupe.

Sasa nikwambie, dada. Ile kadi ya kwanza haikuwa mbovu. Kwenye skrini yangu pale Mlandege ilitoa picha nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Nilikaa nikaitazama, nikaichomoa, nikairudisha katika mfuko wake, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa najifunza uongo.

Sababu yenyewe naona haya kuiandika. Kabla kadi haijafika, nilimpachikia Azzan kadi dhaifu ya zamani kutoka dukani kwangu, tuone kama vifaa vingine vinafanya kazi. Mashine ikawaka. Akavaa visikilizio masikioni, akafungua gemu yake, akanipa mgongo. Nilimwita, akawa hasikii. Nikamwita tena. Nilikuwa nataka tu kumwuliza kama atakunywa chai. Hapo nikaona kwamba siku tutakayomaliza kuchagua ndiyo siku tutakayomaliza kuzungumza. Kadi ikifa, tutachagua tena. Na kweli tulichagua tena, kwa raha zilezile, na wewe huku nyuma ukasimama mbele ya watu ukaitwa mwongo kwa ajili yangu.

Siku ile ya Bwana Msabah nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikiwa na kadi yako ya pili mkononi, ambayo mpaka saa ile nilikuwa nimeificha dukani, nikamwambia Azzan yote. Sikulia, kwa sababu ningelia angenibembeleza na nisingemaliza. Hakunipandishia sauti. Alikaa akitazama sakafu mpaka ikaadhiniwa alasiri, akasimama kwenda msikitini, na alipofika mlangoni akasema, "Kazi nyingine Mungu ataleta. Lakini dada yako ametukanwa, Ghaliya. Anzia kwake."

Ndiyo barua hii. Nakuomba radhi, Bahiya. Sikwambii unisamehe leo. Mwambie Shemsa ukweli, asiendelee kumchukia mtu kwa jambo ambalo ni langu. Na ukinipa anwani ya duka lile, nitamwandikia yule muuzaji kwamba wewe hukusema uongo, ulidanganywa na ndugu yako. Gharama ya kadi hii ni juu yangu mimi, usinikatalie.

Mashine imetimia. Kadi niliipachika mwenyewe, Azzan akanishikia tochi. Tangu hapo amekuwa akikaa pale na kazi zake na mgongo wake, nami nikasema moyoni kwamba haya ndiyo niliyoyachuma. Jana mchana nilikuwa uani nachambua mchele. Akaja, akavuta kibao cha mbuzi ya nazi, akakaa mbele yangu. Hapakuwa na kifaa chochote kilichobaki cha kuchagua. Aliniuliza mchele ule nimeununua kwa nani, nikamwambia. Kisha tukanyamaza wote wawili, vidole vyake vikitafuta chuya katika ungo pamoja na vyangu, na hakuondoka mpaka mchele ulipokwisha.

Nisalimie shemeji Zahran, na Shemsa kama atakubali salamu zangu. Azzan anakuamkia, na amesema atakuandikia mwenyewe. Ramadhani hiyo inaingia. Mwenyezi Mungu atufikishe sote, na mimi anifikishe nikiwa nimeshasikia sauti yako. Safari hii ukipiga nitapokea.

Mdogo wako aliyekukosea,
Ghaliya